Mdhamini na Ngozi ya Ng'ombe

Nasikia siku hizi mnaielekeza simu kwenye karatasi ya Kiingereza, nayo inaisoma yenyewe kwa Kiswahili. Sina ugomvi nayo. Ningekuwa nayo zamani ningekosea kwa haraka zaidi na bila kutokwa jasho. Ila simu haioni haya, ndiyo maana nawaandikia ninyi na siiandikii simu.

Nawaandikia ninyi mnaokaa na kompyuta na mashine za fotokopi kando ya stendi hapa Babati, ninyi ambao bibi akipata karatasi ya mkopo anakuja kwenu na kusema, "Mjukuu wangu, nisomee hii." Kazi hiyo niliifanya kabla yenu. Nilikuwa karani wa chama cha wakulima, na kwa kuwa karatasi zote nzito zilikuja kwa Kiingereza, nilijikuta mtafsiri wa chama, kisha wa mtaa, kisha wa kila mwenye bahasha. Jina langu watu walilisahau. Wananiita Mkalimani mpaka leo, na wapo sokoni wanaoniita hivyo huku wakicheka. Najua wanachekea nini. Mambo yangu hayana siri hapa mjini, kwa hiyo msifikiri nimekuja kutubu. Nilishatubu, kanisani na nje ya kanisa. Aibu tu ndiyo haijatoka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Bwana Samweli, mkalimani wa mahakama aliyekwisha kustaafu, mtu mrefu mwenye koti moja. Alinifundisha mambo mawili, nami kwa upumbavu nikalishika moja. La kwanza alilisema kwa mdomo: "Mkalimani asibabaike. Ukibabaika watu wanaacha kukuamini, hata pale unaposema kweli." La pili lilikuwa kikombe. Popote alipokwenda kutafsiri, aliomba kikombe cha maji na kukiweka mbele yake. Akifika kwenye neno asilolijua, alikohoa, akanyanyua kikombe, akanywa taratibu, kisha akamwinamia mwenye maneno na kumwuliza kwa sauti ya chini, "Hapa unamaanisha nini hasa?" Watu waliona mzee ana kiu tu. Kesi nyingine alikunywa mpaka hakimu akalazimika kuahirisha kidogo ili mkalimani atoke nje.

"Maji ni ya bure," aliniambia. "Neno usilolijua ni ghali."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na Kiingereza changu kilikuwa kimesifiwa na walimu.

Tatizo ni kwamba Kiingereza cha fedha si kile cha darasani. Maneno ni yaleyale, lakini yakiingia benki yanakuwa na tabia nyingine. Chukueni neno "outstanding". Shuleni liliandikwa kwenye ripoti ya mtoto aliyewapita wenzake. Siku moja Mzee Salimu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akaniletea barua ya benki iliyotaja salio lake pamoja na neno hilo. Nikamwambia bila kubabaika kwamba benki inamsifu, salio lake ni bora sana. Mzee Salimu akafurahi, akaitia barua kwenye fremu na kuitundika juu ya meza ya kuuzia, mkabala na mlango. Ilikaa pale muda mrefu, mpaka mhasibu mmoja alipokuja kununua mabati, akaisoma, akauliza kwa heshima kwa nini mzee ametundika deni ambalo bado hajalilipa.

Mzee Salimu alikuja kwangu na fremu kwapani. "Mkalimani," akasema, "umenitundikia deni ukutani, na mimi kila asubuhi nalipangusa vumbi."

Alinisamehe, maana alikuwa mtu wa mzaha. Kwa miaka mingi nikienda kununua misumari alinitajia bei mara mbili, na nikilalamika anasema, "Hiyo ndiyo bei bora sana." Nami nilicheka naye. Ningekuwa na akili, kosa lile lingenitosha. Lakini kosa likiishia kwenye kicheko mtu halichukulii kuwa somo. Nilitoka pale nikiwa na kisa kizuri cha kusimulia kwenye sherehe, na kikombe cha maji sikuanza kukiomba.

Sasa niingie kwenye lile wanalolichekea sokoni.

Chama chetu kilitaka mashine ya kukamua alizeti. Taasisi moja ya mikopo ya Arusha ilikubali kutukopesha, mradi wanachama wachache wawe wadhamini. Afisa wao akaja na mkataba mnene wa Kiingereza. Alikuwa kijana aliyevaa tai, na kila mara aliitazama saa yake kwa sababu alitaka kuwahi kurudi. Tulikutana kwenye ukumbi wa chama hapa mjini, mtaa wa Bagara, wanachama wamejaa mpaka madirishani. Afisa akasalimia, akasema mambo mazuri ya jumla, kisha akanikabidhi karatasi. "Mkalimani wenu atawaeleza," akasema, akaketi.

Nikaeleza. Siku ile ulimi wangu ulikuwa umetiwa mafuta. Nilipofika penye "grace period" nikatangaza kwamba tumepewa kipindi cha neema, miezi ya mwanzo hatulipi kitu. Ukumbi ukapiga makofi, na mama mmoja akaanzisha wimbo wa shukrani. Kwamba katika miezi hiyo ya neema riba inatembea kama kawaida, na kwamba baadaye inakuja kujumlishwa kwenye deni, hilo sikulisema kwa sababu sikulijua. Jumapili iliyofuata wanachama walipeleka kuku na mahindi kanisani kushukuru kwa ajili ya neema ile.

Kisha nikafika penye wadhamini. Iliandikwa kwamba watawajibika "jointly and severally". Neno la kwanza nililijua, kwa pamoja. Lile la mwisho nilikuwa nalikuta kwa mara ya kwanza. Kikombe cha maji kilikuwa mezani mbele yangu, na afisa ameketi karibu kiasi cha kumgusa bega. Ningekohoa tu. Lakini ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, makofi ya neema hayajapoa, na tangu tuanze nilikuwa sijababaika hata mara moja. Nikaiweka karatasi chini, nikawaeleza kwa ng'ombe.

Kwa ninyi msiotoka huku, nifafanue. Kwetu, mtu aliyepungukiwa malisho humpa mwenzake ng'ombe amtunzie. Anayetunza anakunywa maziwa na kupata mbolea, lakini ng'ombe na ndama wake wanabaki mali ya mwenyewe. Wakati wa kukabidhiana anakuwepo mtu wa kati, wa kuona na kusikia. Ng'ombe akifa kwa ugonjwa, mtunzaji anampelekea mwenyewe ngozi. Mwenyewe akishaiona ngozi, mambo yamekwisha. Hadaiwi mtunzaji, wala hadaiwi mtu wa kati.

"Mdhamini," nikawaambia, "ndiye yule mtu wa kati. Wanasimama pamoja, kila mmoja kwa nafasi yake. Mashine ikifanya kazi, vizuri. Ikifa, desturi ya ngozi mnaijua wenyewe."

Sijawahi kueleweka vile maishani mwangu. Wazee waliokuwa wamesinzishwa na Kiingereza waliamka wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mzee Tluway akanyoosha mkono.

Mzee Tluway alikuwa mkulima wa Nakwa, mkubwa wangu kwa umri, baba wa ubatizo wa binti yangu Anjela. Shamba lake lilikuwa limepimwa na lina hati, kitu ambacho wengi wetu hatukuwa nacho. Juu alilima mahindi na mbaazi, na chini kwenye unyevu alipanda mboga zilizosomesha watoto wake wote.

"Baba Anjela," akasema, "na ngozi ikishaonekana?"

"Ikishaonekana, mzee, yamekwisha."

"Basi andikeni jina langu."

Wengine wakafuata, kwa sababu Mzee Tluway alikuwa mtu wa kufuatwa. Afisa alipoiona hati ya shamba alifurahi, akanishika mkono na kuniambia mimi ni hazina ya chama. Mwisho wa mkataba palikuwa na mstari wa mtafsiri, anayethibitisha kwamba yote yameelezwa na yameeleweka. Nikatia hapo sahihi yangu yenye mikia. Bwana Samweli alikuwa ameshafariki wakati huo, na kwa hilo nashukuru.

Najua mtaniuliza kama nilijua kwamba sijui. Nilijua. Kukosea kwa kutojua ni ajali ya kazi, kila fundi ana kovu lake. Mimi nilijua kabisa kwamba neno lile sina, nikaona haya kukohoa mbele ya watu. Haya ile ya dakika moja ndiyo iliyonizalia hii ya miaka yote.

Mashine ilikwenda vizuri msimu wa kwanza. Baadaye mvua zikakataa, alizeti ikawa haba, bei ya mafuta ikashuka. Gia kubwa ikapasuka na spea haikupatikana. Mwenyekiti wa chama akahamia kwa watoto wake, mbali. Riba ya kipindi cha neema ikajitokeza kwenye karatasi, nasi tukabaki tunaulizana imetoka wapi. Chama kikaacha kulipa.

Asubuhi moja Mzee Tluway akaja nyumbani kwangu na bahasha iliyokunjwa ndani ya leso. Mke wangu, Mama Anjela, alikuwa anachambua mboga mlangoni, akamletea kiti.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nisomee hii."

Nikaanza kuisoma kimoyomoyo. Nilipofika katikati nikarudi mwanzo. Mama Anjela akaacha mboga, akanitazama.

"Mbona leo unasoma polepole?" akauliza Mzee Tluway.

"Wanasema mkopo ulipwe, mzee."

"Nani alipe?"

"Wewe."

"Sehemu yangu?"

"Mkopo mzima."

Alifikiri kidogo. Hakukasirika. Aliona kuna jambo dogo la kurekebisha. "Hawajui kwamba mashine imekufa," akasema. "Hawajaiona ngozi."

Ningeweza kumwambia palepale kwamba ngozi haipo, kwamba niliitunga mimi mwenyewe kwa sababu ya neno moja lililonishinda. Sikumwambia. Nilisema, "Labda." Neno hilo dogo nalionea haya karibu sawa na lile la ukumbini. Kesho yake tulikuwa kwenye basi la Arusha, Mzee Tluway amevaa suti yake ya kanisani, na miguuni pake kipande cha gia iliyopasuka kimefungwa kwenye gunia.

Yule afisa wa tai alikuwa amehamishwa. Tulipokelewa na dada mmoja mwenye adabu. "Shikamooni wazee wangu," akasema, akatupa viti. Mzee Tluway aliitikia, akafungua gunia, akaiweka gia mezani. Grisi ikagusa karatasi za dada.

"Ngozi ndiyo hiyo," akasema.

Dada akaitazama gia, akamtazama yeye, kisha akanitazama mimi. "Babu anasemaje?"

"Mweleze, Baba Anjela," akasema Mzee Tluway. Akaegemea kiti na kutulia, akijua amekuja na mtu wa kumsemea.

Nikaeleza. Nimewahi kutafsiri maneno ya wahandisi, ya maaskofu na ya wazungu waliokuja kupima udongo, lakini sijawahi kupata kazi ngumu kama ile ya kumweleza dada yule, Kiswahili kwa Kiswahili, kwa nini mzee huyu amebeba chuma kutoka Babati. Nilisema macho yangu yakiwa kwenye gia. Nilipomaliza, dada alikuwa amejishika mdomo, na hakuwa anacheka.

"Mzee wangu," akaniambia, "maneno hayo ya mkataba maana yake kila mdhamini anadaiwa deni zima, siyo sehemu. Tunaanza na yeyote mwenye kitu, na yeye ndiye atakayehangaika na wenzake baadaye. Na mashine ikifa, deni linabaki." Akafunua mkataba mpaka ukurasa wa mwisho. "Hii sahihi ya mtafsiri ni ya nani?"

Nikasema ni yangu. Mzee Tluway akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu tuingie. Alianza kuifunga gia kwenye gunia, na niliponyoosha mkono nimsaidie akasema, "Acha. Nitaibeba."

Niliwaendea wadhamini wengine nyumba kwa nyumba nikiwaomba wachangie. Walinijibu kwa maneno yangu mwenyewe. "Mimi nilikuwa mtu wa kati tu, Mkalimani. Si ulisema?" Niliuza baiskeli, nikauza ng'ombe wangu wote, nikampelekea mzee fedha hizo akazipeleka Arusha, na ilikuwa sawa na kujaza maji kwenye gunia. Shamba la Nakwa likauzwa na dalali. Siku ya mnada sikwenda. Mama Anjela alikwenda, akasimama na mke wa mzee mpaka mwisho. Aliporudi hakunisema hata kidogo, na wanaomfahamu Mama Anjela wanajua hilo si jambo la kawaida.

Mzee akahamia kwa mwanawe, kule Bonga, kwenye nyumba iliyo karibu na barabara ya Dodoma, kiwanja kisicho na nafasi hata ya kufunga mbuzi. Haukupita muda mrefu akaja kwangu akimswaga ng'ombe wake wa mwisho, mwekundu, ana baka jeupe usoni.

"Zizi lako liko tupu," akasema. "Nitunzie huyu."

"Mimi, mzee?"

"Nimpe nani mwingine? Wewe desturi ya ng'ombe unaijua vizuri."

Sikujua kama amenichoma au ameniamini. Mpaka leo sijui. Nilimpokea ng'ombe.

Basi chai ya nyumbani kwangu ikawa na maziwa ya mtu ambaye shamba lake liliondoka kwa ulimi wangu. Siku za mwanzo niliimwaga. Mama Anjela alinivumilia, kisha akachoka. "Baba Anjela, ukiyamwaga haya maziwa mzee hatarudishiwa shamba. Kunywa, halafu ukamkatie ng'ombe wake majani." Nikanywa. Kila ndama alipozaliwa nilipeleka habari Bonga, na alipokua nilimpeleka mwenyewe, na mzee akamuuza kwa ajili ya ada za wajukuu. Nilimtunza ng'ombe yule kuliko nilivyojitunza mimi.

Kazi ya bahasha sikuiacha, ingawa nilitaka. Watu waliendelea kuja, hata baada ya yale, pengine kwa sababu hapakuwa na mwingine. Lakini niliibadili, na hapa ndipo nataka mnisikilize.

Niliacha kutafsiri maneno. Nilianza kutafsiri matukio. Nani anatoa, na lini? Asipotoa, nani anakuja mlangoni, na anaondoka na nini? Kama karatasi hainipi majibu hayo, nakunywa maji na kuuliza. Mwenye karatasi akiona nachelewesha, aone hivyo. Kuchelewesha mkopo kwa siku moja hakujawahi kumwua mtu.

Halafu msikilizaji lazima anirudishie, na anirudishie kwa majina ya watu wa nyumbani kwake. Namwambia, "Mama, shemeji yako amekopa, wewe umemdhamini, shemeji ametoroka. Asubuhi nani anagongewa mlango?" Akijibu ni shemeji, naanza upya. Wengine nimeanza nao upya mpaka wakakasirika, wakaondoka wakisema Mkalimani amezeeka. Wawili au watatu walirudi na kuniambia wameghairi kudhamini.

Msiwacheke wanaokosea, pia. Juzijuzi kijana mmoja alikuja na fomu ya mkopo ya Kiingereza, na penye neno "security" alikuwa ameandika jina la mlinzi wa duka lake, akaongeza kwamba ana upinde na mishale. Nikamweleza kwamba pale wanataka dhamana, kitu watakachokichukua usipolipa. Akafikiri, akaniuliza, "Kwa hiyo mlinzi hawamtaki?" Nilicheka kidogo, ndiyo, mimi ni binadamu. Lakini kijana yule aliuliza kabla hajatia sahihi, na kwa hiyo alinishinda mimi na Kiingereza changu chote.

Na muogopeni mfano unaopigiwa makofi. Mtu akielewa upesi jambo ambalo wewe mwenyewe hujalielewa, ujue kuna kitu hukumwambia.

Ile simu yenu nimeijaribu. Nilimwomba mjukuu wangu aiulize lile neno langu, ikasema, "kwa pamoja na kwa kila mmoja." Ni sawa kabisa, hakuna kosa. Niliyasoma maneno hayo tena na tena kwenye kioo cha simu, na nikaona kwamba kwa maneno hayo pia Mzee Tluway angeandika jina lake.

Ng'ombe mwekundu alizeekea kwangu. Msimu huu akashikwa na ndigana, ule ugonjwa wa kupe. Nilimwita daktari wa mifugo, akamchoma sindano, akarudi akamchoma nyingine, na haikusaidia. Alipokufa nilimchuna mwenyewe pamoja na majirani, nikaipaka ngozi chumvi, nikaikunja vizuri. Mama Anjela aliniambia nivae shati la Jumapili, nikavaa. Kijana wa bodaboda aliutazama mzigo wangu. "Mzee, hiyo ngozi inanuka, ongeza buku." Nikaongeza hiyo elfu moja.

Mzee Tluway nilimkuta barazani kwa mwanawe, anapepeta mbaazi za kununua dukani. Nilimsalimu, akaitikia. Nikaitandaza ngozi mbele yake.

"Mzee, ng'ombe wako amekufa. Ni ndigana."

Aliweka ungo chini. Akapitisha kiganja juu ya ngozi taratibu, mpaka penye baka jeupe, akalishika kidogo.

"Ngozi nimeiona," akasema.

Nilikuwa nimebeba fedha kwenye bahasha. Nikaitoa na kuiweka kwenye ungo. "Niruhusu nimlipie, mzee. Tafadhali."

Alinitazama kama ananishangaa. Akaichukua bahasha na kunirudishia mkononi.

"Unilipe nini? Ng'ombe amekufa, ngozi nimeiona, yamekwisha. Si ndivyo ulivyotueleza?"

Hakusema kwa ukali wala kwa kejeli. Alisema kama mtu anayerudia somo alilolielewa vizuri siku ile ukumbini. Kisha akamwita mkwewe atuletee chai. Ilikuja, ilikuwa ya rangi, kama inavyokuwa siku zote nyumbani kwake tangu aniachie ng'ombe. Tukanywa, yeye akinieleza habari za wajukuu, na mimi nimeishika bahasha yangu magotini, natamani anidai.